Sura ya Saba: Gari Lililoamriwa Kulala Nje

Katikati ya Julai 2021 kampuni ya General Motors (GM) iliwatumia ujumbe wenye magari ya umeme ya Chevrolet Bolt ya miaka ya 2017 hadi 2019. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: ukimaliza kuchaji, litoe gari nje; na usiku usiliache likichaji huku umelala. Anayejua kwa nini watu hununua gari la umeme ataelewa ujumbe huo uliwauma wapi. Raha ya gari hilo ni kuachana na foleni ya sheli. Unarudi kutoka kazini, unalichomeka ukutani, unaingia kulala, asubuhi limejaa. Sasa mwenye mali anaambiwa na yule yule aliyelitengeneza kwamba raha hiyo ndiyo imegeuka hatari, na kwamba gari lake lilale uani, mvua inyeshe isinyeshe.

Wengi wao walikuwa wameshaitwa mara moja walete magari yatengenezwe, na waliitika. Hilo ndilo linaloifanya habari ya Bolt iwe na mafunzo mengi kuliko nyingine za aina yake, na ndiyo maana nimeipa nafasi kubwa katika sura hii.

Uchunguzi wa serikali ulianza Oktoba 2020. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilikuwa imepata taarifa za magari yaliyoungua yakiwa yameegeshwa. Hakukuwa na ajali wala dereva aliyekuwa kwenye usukani, na alama za moto zilielekeza chini ya kiti cha nyuma. Betri ya Bolt imetandazwa chini ya sakafu yote, ila chini ya kiti hicho imepangwa ghorofa mbili. Mwezi uliofuata GM iliyaita magari karibu 69,000 duniani kote, yote yakiwa na seli za betri zilizotoka kiwanda cha kampuni ya LG kilichoko Ochang, Korea Kusini. Wakati huo chanzo hasa kilikuwa hakijajulikana. Kwa hiyo tiba ya muda ikawa programu inayoizuia betri isivuke asilimia 90, na ilipofika majira ya kuchipua ya 2021 ikaja tiba iliyoitwa ya mwisho: programu nyingine ya kuichunguza betri na kugundua dalili mbaya mapema, kisha gari linarudishiwa asilimia zake 100. Watu wakapeleka magari kwa wakala, wakangoja kwenye viti vya mapokezi, wakarudi nyumbani na karatasi ya kazi iliyopigwa mhuri.

Tarehe 1 Julai 2021, katika mji mdogo wa Thetford, jimbo la Vermont, Bolt ya mwaka 2019 ikawaka moto nyumbani kwa mwenyewe ikiwa inachaji. Mwenye gari alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo, na gari lilikuwa limeshawekewa programu ya tiba. Baada ya siku chache ndipo ulipotoka ule ujumbe wa kulala nje. Tarehe 23 Julai magari yale yale yakaitwa upya, na tarehe 20 Agosti GM ikatangaza kwamba yanaitwa yote: kila Bolt iliyokwisha kutengenezwa hadi hapo, pamoja na ndugu yake mpya Bolt EUV, jumla kama magari 142,000. Seli za Ochang hazikuwa peke yake. Kasoro ilionekana pia katika betri za viwanda vingine vya LG.

Kasoro gani? Hapa inabidi tuingie ndani ya betri.

Betri ya Bolt ina uzito wa kilo 435 na seli 288. Kila seli ni bahasha bapa, laini, na ndani yake mna tabaka nyingi zilizolaliana kama kurasa za daftari. Kuna karatasi ya shaba iliyopakwa grafiti, ambayo ndiyo anodi. Kuna karatasi ya aluminiamu iliyopakwa mchanganyiko wa nikeli, manganizi na kobalti, ambayo ndiyo kathodi. (Kobalti inayochimbwa duniani sehemu kubwa inatoka Lualaba na Haut-Katanga, kwa wasema Kiswahili wenzetu wa Kongo, wao wanaijua betri hii kuanzia upande wa shimoni.) Katikati ya anodi na kathodi hupita utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele wa binadamu, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Vyote vimelowa kimiminika kinachobeba chembe za lithiamu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kimiminika hicho kinashika moto.

Kazi ya utando ni kuruhusu lithiamu ipite na kuzuia anodi isigusane na kathodi. Zikigusana, umeme unapita njia ya mkato ndani kwa ndani, joto linapanda, joto linaanza kuvunja kemikali za seli yenyewe, na kule kuvunjika kunatoa joto zaidi. Ikifika hapo huwezi kuukatisha mfululizo huo kwa kuzungusha swichi. Seli inatema gesi, gesi inawaka, seli ya jirani inaiva nayo, na kadhalika mpaka mwisho wa moduli, yaani kundi zima la seli.

Wahandisi wa GM na LG walipofungua betri walikuta makosa mawili ya kiwandani. La kwanza, ulimi wa anodi, yaani kile kipande chembamba cha chuma kinachotoa umeme nje ya tabaka, ulikuwa umechanika. La pili, ule utando ulikuwa umekunjika. Kila kosa kwa nafsi yake halikutosha kuleta moto. Hatari ilikuja pale makosa yote mawili yalipokutana katika seli moja. Ndiyo maana moto ulikuwa nadra na ndiyo maana ulichukua muda mrefu kueleweka. Seli yenye kosa moja inaweza kufanya kazi miaka yote ya gari bila mtu kujua. Yenye makosa yote mawili nayo inaweza kufanya kazi vizuri miaka miwili, mitatu, hadi usiku mmoja. Hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi, hakuna harufu, na fundi hodari wa mtaani akiinama chini ya gari hataona ila sanduku la chuma lililofungwa.

Turudi kwa mwenye gari, maana magazeti ya biashara yaliandika sana kuhusu hisa za GM na LG, na kidogo kuhusu yeye. Kuanzia Agosti 2021 alipewa masharti manne. Asichaji kupita asilimia 90. Asiliache gari lishuke chini ya kilomita 113 za safari zilizobaki (kwao ni maili 70). Akimaliza kuchaji aliegeshe nje papo hapo. Na asilichaji usiku ndani ya nyumba. Tupige hesabu. Bolt za mwanzo zilitangazwa kwa kilomita 383 kwa chaji moja. Toa asilimia 10 ya juu, zinabaki 345. Toa 113 za chini, zinabaki 232. Mtu aliyelipia kilomita 383 amebakiwa na asilimia 60 ya alicholipia, na bado hatujaingia majira ya baridi ya Michigan au Vermont, ambapo baridi peke yake hula sehemu nzuri ya safari na kipasha joto cha gari hula nyingine. Septemba GM ikaongeza ushauri: ukiegesha, acha mita 15 kati ya gari lako na la mwenzio. Mita 15! Nenda kwenye maegesho yoyote ya mjini ukatafute nafasi hiyo. Kuna maegesho ya kulipia yaliyorahisisha mambo kwa kubandika tangazo kwamba Bolt haziingii kabisa.

Anayeishi kwenye nyumba yenye uwanja wake aliweza kuyafuata masharti haya kwa manung'uniko tu. Anayeishi kwenye jengo la ghorofa, ambaye sehemu yake ya kuegesha iko chini ya vyumba vya watu wengine, alikuwa na swali jingine kabisa. Je, awaambie majirani? Wenye jengo wakijua watamfukuza. Wasipojua, yeye ndiye anayelala juu ya siri hiyo.

Hapa wapo watakaosema hofu ilizidi kipimo. Magari yaliyothibitika kuungua mpaka wakati huo hayakufika ishirini kati ya yote 142,000. Magari ya petroli yanawaka moto kila siku ya Mungu na wenye nayo kwa kawaida hawaamriwi kuyalaza nje. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau mambo mawili. Gari la petroli mara nyingi huwaka likiwa barabarani au baada ya ajali, mtu yuko macho na mlango uko karibu. Haya yaliwaka yameegeshwa, mengine yakiwa yanachaji, saa ambazo familia imelala. Pili, moto wa betri una tabia yake. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa ripoti Januari 2021 kuhusu hatari wanazokutana nazo zimamoto kwenye moto wa aina hii, na jambo kubwa lililosisitizwa ni ule umeme unaobaki ndani ya seli ambazo hazijaungua. Moto unazimwa, gari linapakiwa kwenye breakdown, linapelekwa yadi, na huko linawaka tena. Maji yanayohitajika ni mengi mno kwa sababu kinachotakiwa ni kupoza kitu kilichofungwa ndani ya sanduku, siyo kuzima mwali unaouona. Mzazi mwenye watoto wanaolala juu ya banda la gari hawezi kulaumiwa kwa kutofarijika na takwimu.

Fedha zilikuwa nyingi, na zilipata mlipaji. GM ilikadiria gharama kuwa karibu dola bilioni 2, na Oktoba 2021 ikatangaza kwamba LG imekubali kurudisha bilioni 1.9 kati ya hizo. Kiwanda cha Orion huko Michigan, kilichokuwa kikitengeneza Bolt, kilisimama karibu muda wote tangu Agosti 2021 hadi Aprili 2022, kwa kuwa kila seli mpya iliyopatikana ilitakiwa kwanza kwa magari yaliyokwisha kuuzwa. Huo ulikuwa uamuzi wa haki, na naupa sifa yake. Lakini angalia nani hayumo katika hesabu ya bilioni mbili. Hayumo aliyelipia maegesho ya nje mwaka mzima. Hayumo aliyekodi gari la petroli kwenda kumtazama mama yake mji mwingine kwa kuwa kilomita 232 hazikumfikisha. Hao ilibidi waende mahakamani kwa kesi ya pamoja, na suluhu ya dola milioni 150 ikafikiwa 2024, miaka mitatu baadaye. Aliyebadilishiwa betri angeweza kupata dola 700 hivi. Mawakili walipata chao pia, kama ilivyo desturi.

Kubadilisha betri kulianza Oktoba 2021, na foleni ilipangwa kwa tarehe za kutengenezwa, zile zenye hatari kubwa mbele. Kazi yenyewe si ya kuogofya kama inavyosikika. Gari linapandishwa kwenye lifti, umeme wa volti karibu 350 unakatwa kwa utaratibu maalumu, bolti zinafunguliwa na mzigo ule wa kilo 435 unateremshwa kwa meza ya kuinulia. Tatizo lilikuwa ni betri zenyewe kupatikana, na wakala wenye mafundi waliosomea kazi hiyo.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka kwa namna ambayo wenye magari wenyewe hawakuitegemea. Betri za miaka ya 2017 hadi 2019 hazikuwa zinatengenezwa tena. Zilizokuwepo ni zile za kizazi kilichofuata, zenye uwezo mkubwa zaidi. Kwa hiyo mtu wa gari la mwaka 2017, lililokwisha kutembea miaka mitano na betri kuchoka kidogo, alirudi nyumbani na betri mpya inayomfikisha kilomita 417 badala ya 383, na waranti mpya ya miaka minane au kilomita 160,000, ipi itangulie. Gari ambalo Septemba halikuwa na wa kulitaka, mwaka uliofuata likawa linatafutwa. Wanunuzi wajanja wa magari yaliyotumika wakaanza kuuliza swali moja tu: betri imeshabadilishwa? Wale waliokuwa wameuza kwa hasira na kwa hasara walibaki kusoma habari.

Wenye magari ya 2020 hadi 2022 hawakupata bahati hiyo. Wao waliahidiwa betri kama wenzao, wakangoja. Juni 2023 GM ikasema kwamba kwa magari hayo kutakuwa na programu badala yake. Programu itaibana betri kwenye asilimia 80 mpaka gari litembee kama kilomita 10,000 hivi, ikiichunguza muda wote. Ikiona kasoro, betri inabadilishwa. Isipoona, gari linafunguliwa lirudi kwenye asilimia 100. Na kwa atakayeiweka kabla ya mwisho wa mwaka, dola 1,400.

Kitaalamu, sioni kosa kubwa katika mpango huo. Baada ya miaka miwili ya kufungua betri mbovu, kampuni ilijua inatafuta nini ndani ya mikondo ya umeme, jambo ambalo majira ya kuchipua ya 2021 haikulijua. Kubadilisha maelfu ya betri nzima ili kuondoa seli chache ni upotevu, wa fedha na wa madini. Lakini mwenye gari haamui kwa kitabu cha uhandisi. Anakumbuka kwamba programu ya kwanza nayo iliitwa tiba, na kwamba gari la Vermont lilikuwa nayo.

Na si Vermont peke yake. Hyundai ilipitia njia hiyo hiyo na gari lake la Kona, likiwa nalo na seli za LG. Oktoba 2020 Kona za Korea Kusini ziliitwa na kuwekewa programu mpya ya kusimamia betri. Januari 2021, mjini Daegu, Kona iliyokwisha kuwekewa programu hiyo ikawaka. Mwezi uliofuata Hyundai ikaamua kubadilisha betri za magari kama 82,000 duniani, yakiwemo mabasi, kwa gharama ya won trilioni 1 hivi. Wizara ya uchukuzi ya Korea ilisema kosa limeonekana kwenye seli za kiwanda cha LG cha Nanjing, China, ambamo ulimi wa anodi ulikuwa umekunjwa vibaya. LG ikajibu kwamba majaribio ya kuiga kosa hilo hayakuwa yamewasha moto wowote, na kweli hayakuwa yamewasha. Mwishowe LG ilibeba kama asilimia 70 ya gharama na Hyundai 30. Jaguar nayo, iliyonunua seli za LG kutoka Poland kwa ajili ya gari lake la I-Pace, ilianza na programu ya kubana chaji, na kufikia 2024 ikaamua kuyanunua tena magari ya mwaka 2019 huko Marekani, zaidi ya 2,700. Likishashindikana kutengenezwa, njia iliyobaki ni hiyo. Samsung ilijifunza mapema zaidi: mwaka 2016 simu za Galaxy Note 7 zilizotolewa kama mbadala wa zile za kwanza nazo zikashika moto, na kampuni ikaifuta simu nzima sokoni.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye gari anapoitwa ni hili: naitwa kwa ajili ya programu au kwa ajili ya betri? Barua zote mbili hufanana. Zina nembo ile ile na lugha ile ile ya upole.

Swali la pili linahusu nani hasa hupokea barua. Sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji amwandikie mwenye gari ndani ya siku 60 tangu aiarifu NHTSA, na matengenezo yawe bure, mradi gari halijapita miaka 15. Sheria hiyo hiyo inakataza kuuza gari jipya lenye kasoro ambayo haijarekebishwa, na tangu 2016 inayakataza makampuni ya kukodisha yenye magari zaidi ya 35 kukodisha gari la namna hiyo. Lakini gari lililotumika? Hakuna sheria ya taifa zima inayomzuia mwenye yadi kuliuza likiwa na kasoro yake. Anaweza kuliosha, kulipaka nta na kulipanga mstari wa mbele. Barua inaandikwa kwa jina lililo kwenye daftari la usajili. Aliyeuza ameshalitoa gari moyoni, aliyenunua hajaiona barua.

Sisi tunaonunua magari yaliyotumika tumezoea hali ngumu kuliko hiyo. Kuna gari linaloendeshwa Dar es Salaam likiwa na kadi ya mtu wa tatu kurudi nyuma. Lakini hata kadi ikiwa safi, usajili wa TRA ya Tanzania au wa NTSA ya Kenya haumfikii mtengenezaji aliyeko Nagoya au Seoul. Gari likivuka bahari, uzi uliokuwa unaliunganisha na kiwanda unakatika, ila ile namba ya chesesi iliyochongwa kwenye bodi. Mifuko ya hewa ya Takata iliyoitwa kwa mamilioni duniani ilituonyesha hilo mapema: barua zilibaki Japani, magari yakaja kwetu.

Bolt yenyewe hatutaiona Mombasa wala Dar es Salaam, kwa sababu ilitengenezwa kwa usukani wa kushoto tu, na Kenya hairuhusu usukani wa kushoto kwa magari ya kawaida. Rwanda, Burundi na Kongo ni habari nyingine, huko wanapita kulia. Na Rwanda tangu 2021 imeyaondolea kodi magari ya umeme, jambo zuri ambalo pia linavuta kila aina ya mzigo. Kona ni jambo la karibu zaidi. Iliuzwa Uingereza kwa usukani wa kulia, iliitwa huko kama ilivyoitwa kwingine, na Kenya hupokea magari yenye umri usiozidi miaka minane. Nissan Leaf ndiyo imeshafika, nyingi zikitoka Japani. Betri za Leaf hazina historia ya moto kama hizi, na sitaki mtu aliyeko Nairobi akose usingizi kwa sababu yangu. Hata hivyo Septemba 2024 Nissan iliita Leaf zaidi ya 23,000 za miaka ya 2019 na 2020 zilizouzwa Marekani, kwa kuwa betri ingeweza kupata joto kupita kiasi ikichajiwa kwa chaja ya kasi, na wenye nazo wakaambiwa waiache chaja hiyo mpaka tiba ipatikane. Gari la Japani ni kundi lingine, na huwezi kuhamisha habari ya moja juu ya jingine bila kuangalia namba.

Namba basi. Gari lililouzwa Uingereza au Marekani lina namba ya herufi na tarakimu 17. Lililouzwa Japani lina namba fupi ya fremu. Kwa Leaf ya kizazi cha pili huanza na ZE1, na ile ya 17 haipo kabisa, kwa hiyo ukiingiza namba ya Japani kwenye tovuti ya NHTSA hupati kitu, na watu hudhani kutopata kitu maana yake gari ni salama. Namba ya Japani inaulizwa Japani, kwenye tovuti ya mtengenezaji wa huko. Ya Uingereza inaulizwa Uingereza. Kazi hii inachukua dakika chache, na mtu mwenye simu anaweza kuifanya akiwa amesimama pale pale yadi.

Dalali atakwambia, "Bosi wangu, hili limeingia juzi tu, betri mpya kabisa, wameibadilisha hukohuko." Huenda anasema kweli. Betri iliyobadilishwa kwa wito wa mtengenezaji huacha karatasi: karatasi ya kazi ya wakala, tarehe, na mara nyingi waranti iliyoanza upya tarehe hiyo. Waranti hiyo haitakusaidia Kariakoo, lakini karatasi inathibitisha kazi ilifanyika. Pasipo karatasi, lichaji gari mpaka lijae na uangalie linasimama wapi. Likigoma kwenye asilimia 80 au 90, huenda kuna programu inayolibana kwa ajili ya wito ambao haujafungwa. Mwulize pia mtu wa bima kabla ya kulipa, kwa maandishi, kama moto unaotokana na kasoro inayojulikana unalipwa. Wengine watakujibu hawajui, na hilo nalo ni jibu la kuandikwa pembeni.

Kisha kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kwa kuwa jibu lake linavunja moyo: likiitwa mwakani, nani atalitengeneza hapa? Wakala wa chapa aliyeko nchini anawajibika kwa magari aliyoyaingiza yeye. La kwako lililokuja kwa meli ya magari yaliyotumika anaweza kulikubali kwa hisani, kwa malipo, au asilikubali. Mpigie kabla hujanunua, mtajie namba ya chesesi, msikilize anavyojibu. Na muuzaji akikataa kukupa namba hiyo mpaka utoe kishika uchumba, weka fedha yako mfukoni uende yadi ya pili.